Futa na Ghairi

Katika kabati la vitabu nyumbani kwangu Ngara imo karatasi moja ambayo sioni fahari kuwaonyesha wageni. Ni ukurasa wa mwongozo wa programu huria ya uandishi, mwongozo uliotafsiriwa kwa Kiswahili na watu wa kujitolea. Katikati ya ukurasa huo pana sentensi fupi: “Ukitaka kurudi kwenye kazi yako bila kufunga, bonyeza Futa.” Nimeipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Mstari huo niliupiga kwa kuchelewa, na makala haya ni maelezo ya kuchelewa huko.

Wapenzi wa lugha wenzangu, tumezoea kukutana hapa kujadili vina na mizani, methali na asili za maneno. Leo naomba niwapeleke penye Kiswahili kisichoimbwa: Kiswahili cha maelekezo ya kompyuta. Najua wengi wetu hukipita kama mtu apitavyo tangazo kuukuu ukutani. Nami nilikipita hivyo hivyo, na kupita kwangu kuligharimu beti za utenzi.

Mwalimu aliyenifundisha kusoma anaishi sasa Nyakahura, wilayani Biharamulo, kando ya barabara kuu itokayo Rusumo kwenda Lusahunga, ambako malori ya Rwanda na Burundi hunguruma usiku na mchana. Sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya upande wetu wa Ngara, naye alikuwako huko Aprili 1994. Tarehe 28 na 29 za mwezi ule, kwa muda wa siku moja hivi, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda, wakaenea katika vilima vya Benaco. Chini ya daraja Mto Kagera, ukiwa umekwisha kupokea maji ya Ruvubu, ulikuwa ukipita na mambo ambayo Mwalimu hayataji katika mazungumzo. Huyataja katika utenzi tu.

Utenzi huo alianza kuutunga akiwa mzee, baada ya presha ya macho kumnyang'anya kusoma na kuandika. Aliutunga kichwani alfajiri, kabla malori hayajawa mengi, na jioni akamwimlia mjukuu wake, binti wa kidato cha tatu, aliyeuandika katika madaftari ya shule. Nilipowatembelea na kuyaona madaftari yale yamelowa kona kwa mvua iliyovuja paani, niliahidi kuwaletea kompyuta mpakato yangu ya zamani. Niliisafisha, nikaisakinishia programu ya uandishi isiyolipiwa, nikachagua lugha ya Kiswahili. Juu ya kioo yakajipanga maneno ya kwetu: Faili, Hariri, Tazama, Ingiza. Siwezi kuficha kwamba nilijisikia kama mtu aliyepeleka zawadi ya kifalme. Ili zawadi ikamilike nikawapigia chapa na mwongozo wake, kurasa zipatazo 40, nikazitia uzi ubavuni.

Kazi ikaenda vizuri. Binti alikuwa na mkono mwepesi, na Mwalimu alikuwa na subira ya kutaja neno, kungoja sauti ya kicharazio, kisha kutaja jingine. Kwa ruhusa yake nauweka hapa ubeti mmoja, ili mjue ni kazi ya namna gani:

Mama kabeba mtungi,
Na ndani maji si mengi,
Nyuma wana wake wengi,
Wamuandama kwa njaa.

Hakuna neno gumu humo, wala hakuna neno la ziada. Mwalimu alikuwa akituambia tangu utotoni kwamba utenzi ni mzigo wa kubebwa kichwani, basi usitiwe jiwe.

Siku moja ya likizo waliandika mchana kutwa. Beti 118 za mwanzo zilikuwa zimehifadhiwa siku zilizotangulia. Siku hiyo waliongeza beti 22, zile za daraja lenyewe, ambazo Mwalimu alikuwa amezikwepa kwa miezi. Katika kuzitaja alisahau kupumzika, na binti katika kuzifuata alisahau kuhifadhi. Jua lilipokaribia kuchwa, kidole chake kikagusa alama ya kufunga. Likatokea dirisha dogo likiuliza iwapo mabadiliko yahifadhiwe, na chini yake vitufe vitatu: Hifadhi, Futa, Ghairi.

Binti hakukurupuka. Naomba hili likumbukwe. Alifanya kile ambacho sisi walimu huwaambia wanafunzi wafanye: aliyaacha mashine na maswali yake, akafungua mwongozo, akatafuta mahali panapohusika, akasoma. Akaikuta ile sentensi: ukitaka kurudi kwenye kazi yako bila kufunga, bonyeza Futa. Akabonyeza Futa.

“Mjomba, nilidhani nafuta lile swali,” aliniambia siku niliyofika. “Sikudhani nafuta utenzi.”

Mwalimu alikuwa ameketi barazani, uso ameuelekeza barabarani. Nilimwamkia, “Shikamoo, Mwalimu.” Akaitika marahaba, akanyamaza kidogo, kisha akasema pasipo hasira: “Mtoto kafanya alivyoandikiwa. Aliyeandika ni nani?”

Sikumjibu. Jibu moja lilikuwa jepesi: aliyeandika ni mtu nisiyemjua, ambaye jioni moja, baada ya kazi zake, alikaa akatafsiri ukurasa mzima bila malipo, na alipofika kwenye neno lenye maana ya kuacha jambo ulilokuwa ukitaka kulifanya, aliandika Futa, kama tusemavyo kufuta safari au kufuta mkutano. Hakukosea Kiswahili. Mwenziwe aliyetafsiri vitufe vya kwenye kioo alilitumia neno hilo hilo kwa maana ya kutupilia mbali mabadiliko, kama tusemavyo kufuta ubao, na kile kitufe cha kuacha jambo akakiita Ghairi. Naye hakukosea. Kila mmoja alikuwa sahihi chumbani kwake. Kosa lilizaliwa pale maneno yao yalipokutana mbele ya binti wa Nyakahura.

Lakini jibu la pili ndilo lililonifunga kinywa. Kosa lile nilikuwa nimeliona. Nilipokuwa nikizikagua kurasa kabla ya kuzishona, macho yangu yalitua juu ya sentensi ile, nikatambua kwamba Futa imekaa mahali pa Ghairi. Nikatabasamu jinsi mwalimu wa Kiswahili atabasamuvyo kwa kosa la mwingine, nikafungua ukurasa uliofuata. Nilisema moyoni: wenyewe watalirekebisha.

Wenyewe ni akina nani? Hilo ndilo swali nililorudi nalo Ngara.

Programu huria si programu ya bure tu. Richard Stallman, alipotangaza mradi wa GNU mwaka 1983, alikuwa akidai uhuru wa mtumiaji: aitumie programu apendavyo, achunguze inavyofanya kazi, aibadili, awagawie wengine. Baadaye alisisitiza kwamba hata miongozo ya programu hizo sharti iwe huru, kwa kuwa programu inayoruhusiwa kubadilishwa huku maelezo yake hayaruhusiwi ni mlango uliofunguliwa nusu. Kwa hiyo mwongozo ule niliouona kama kitabu cha watu ulikuwa, kwa masharti yake wenyewe, mali ya yeyote atakayeshika kalamu. Wenyewe tulikuwa pamoja na mimi.

Wala sisi Waswahili si wageni katika jambo hili. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Waliofanya kazi ile walilazimika kuamua, neno baada ya neno, kompyuta itasema nini ikitaka kufungua, kuhifadhi, kuonya na kukataa. Baraza la Kiswahili la Taifa lilikuwako tangu 1967, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilikuwa imetoka tangu 1981; lakini kamusi hukupa neno, haikupi kitufe. Kitufe ni neno lililo peke yake, lisilo na sentensi ya kulishika mkono, na ambalo likiguswa hutenda.

Basi nikaingia mahali matini ya mwongozo inapotunzwa. Nilidhani nitakuta milango na vyeti. Nilikuta maandishi ya kawaida, mstari kwa mstari, kama daftari lililoachwa wazi mezani. Utaratibu wenyewe ni huu: mwenye sahihisho hujichukulia nakala, hubadili anachotaka kubadili, huandika sababu, kisha hulituma kwa wasimamizi. Wao huonyeshwa mstari wa zamani kwa rangi nyekundu na alama ya kutoa, na mstari mpya kwa rangi ya kijani na alama ya kujumlisha. Hukubali, au hukataa, au hurudisha na swali. Chombo kinachotumiwa sana kutunza mabadiliko hayo kinaitwa Git, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, na tabia yake kubwa ni kumbukumbu: kila mstari uliowahi kuwekwa rasmi, hata ukiondolewa leo, unaweza kurejewa kesho pamoja na jina la aliyeuweka na siku aliyouweka. Nilipoelewa hilo nilikaa kimya kwa muda. Kosa dogo la mwongozo lilikuwa limetunziwa historia yake yote, ilhali beti 22 za daraja la Rusumo hazikuwa na pa kurejewa.

Nilitaka kusahihisha sentensi moja. Lakini mwenye hatia hupenda kufanya kazi kupita kiasi, nami nikaukagua mwongozo mzima usiku kwa usiku, nikitafuta mtandao kwenye kilima kilicho nyuma ya nyumba, mahali ambapo simu isipoangaliwa hujiunga na minara ya nchi jirani. Na hapo, wapenzi wa lugha, ndipo nilipokiona Kiswahili kwa jicho ambalo kukifundisha kwa miaka mingi hakukunipa.

Niliona kwanza jinsi lugha yetu inavyoning'iniza mambo makubwa juu ya irabu moja. Funga na fungua. Pakia na pakua. Tega na tegua. Kinyambuo cha kutendua ni pambo zuri la Kiswahili: unachukua kitendo, unakitia irabu, kinajirudi kama mtu aliyeitwa kwa nyuma. Mshairi hulifurahia. Lakini katika maelekezo, irabu ikidondoka, mtu anayetaka kuleta kitabu kutoka mtandaoni anaambiwa akipeleke huko. Pakua, neno la mama anayetoa chakula chunguni kukitia sahanini, na pakia, neno la utingo anayejaza lori, yametenganishwa na herufi moja, nami nililikuta moja limekaa kwenye kiti cha mwenziwe mara tatu katika sura moja. Msomaji wa gazeti angeelewa kwa muktadha. Anayeanza kujifunza hana muktadha. Ndiyo maana anasoma mwongozo.

Niliona pia r na l. Hapa sina budi kukiri jambo la nyumbani. Mimi nimezaliwa katika Kihangaza, na masikioni mwetu utotoni sauti hizo mbili zilikuwa pacha wasiotofautishwa hata na mama yao. Nilipoanza shule nilichekwa kwa kura na kula, kwa kalamu na karamu, kwa mahali na mahari. Mwalimu huyu huyu wa Nyakahura ndiye aliyenitenganishia. Hakunicheka. Aliniweka mbele ya ubao, akaandika maneno mawili mawili, akanifanya niuone mdomo wake. “Wenzako wa pwani wamezaliwa nayo,” aliniambia. “Wewe utayajua kwa kuyajali.” Tazama basi menyu mbili za kwanza katika programu yoyote ya uandishi kwa Kiswahili: Faili, kisha Hariri. Kwa mtoto wa Ngara hayo si maneno mawili. Ni mtihani wa kuingilia. Mtu aliyewahi kusema “halili” hadi darasa la tatu ndiye sasa aliyekuwa akihariri. Na katika mwongozo niliyakuta makosa yale yale, “kulejesha” na “kufuri”, nikamtambua ndugu. Mahali fulani palikuwa na mfasiri aliyelelewa na sikio kama langu. Sikumcheka. Nilimsahihisha kwa namna nilivyosahihishwa.

La tatu niliona upatanisho wa kisarufi. Ujumbe mwingi wa kompyuta ni sentensi yenye shimo: programu huachiwa nafasi ijaze jina la kitu, kisha itangaze kwamba kitu hicho “imefutwa”. Kiingereza hakijali ni kitu gani. Kiswahili kinajali sana. Picha imefutwa, lakini kitabu kimefutwa, jedwali limefutwa, na maneno yamefutwa. Hata faili lenyewe lina kesi isiyokwisha, kwani wapo wasemao faili limefungwa na wapo wasemao faili imefungwa. Programu isiyojua ngeli huyavisha yote kanzu moja. Dawa niliyojifunza kwa waliotangulia ni kuigeuza sentensi ili mtendwa asiwe kiima: “Kufuta kumekamilika”, kisha nukta pacha, kisha jina la kitu chochote kile. Kitenzi-jina kinabeba upatanisho wake mwenyewe, na shimo linakaa mwisho bila kumdhuru mtu. Nani kasema sarufi ya ngeli ni somo la mtihani tu?

Nilikusanya masahihisho 43, nikayafunga furushi moja, nikayatuma na maneno machache ya kujipongeza. Baada ya siku mbili furushi likarudi.

Msimamizi, mtu wa mbali asiyejua Kiswahili, aliandika kwa adabu kwamba hawezi kulikubali. Alitaka mambo mawili. Kwanza, kila sahihisho lisimame peke yake, ili likubaliwe au likataliwe kwa haki yake. Pili, nieleze kwa kila moja kama lililokuwepo ni kosa, au ni chaguo ambalo mimi nisingelichagua.

Swali hilo la pili liliniuma kuliko nilivyotarajia. Nilirudia orodha yangu nikiwa na kalamu. Kati ya masahihisho 43, makosa halisi yalikuwa 19. Yaliyobaki yalikuwa ladha yangu: nilikuwa nimeondoa “ambayo” kila nilipoweza kutumia kirejeshi cha ndani, nilikuwa nimebadili kompyuta kuwa tarakilishi katika sura nzima kwa sababu tu siku hiyo nilijisikia mzalendo, nilikuwa nimerefusha sentensi zilizokuwa fupi kwa heri. Miaka yote hiyo nilikuwa nikitia wino mwekundu katika insha za wanafunzi bila kutenga kosa na upendeleo. Mtu asiyejua neno moja la Kiswahili ndiye aliyenifundisha tofauti hiyo, kwa kuwa hakuweza kunifuata kwa imani. Nilipaswa kumthibitishia.

Nikayatupa 24. Yale 19 nikayaandikia sababu moja moja. La kwanza lilikuwa Futa.

Jaribu, msomaji, kumweleza asiyejua lugha yako kwa nini neno sahihi si sahihi. Niliandika kwamba kufuta ni kuondoa alama iliyopo: tunafuta machozi, ubao, deni, kesi. Ni kweli kwamba tunafuta na safari, lakini hata hapo kuna kitu kilichoandikwa katika ratiba ambacho kinaondolewa. Kughairi ni kugeuza nia. Anayeghairi hajafuta kitu. Amebaki alipokuwa, na kitu kimebaki kilipokuwa. Wakati wa kuandika hayo nilijikuta nikiifahamu ghairi kwa mara ya kwanza, neno ambalo nimelitumia maisha yangu yote: ndani yake mna ule uwingine tuusikiao katika “ghairi ya hayo”, nia iliyokuwa hii imekuwa nyingine.

Mchangiaji mwingine, aliyejitambulisha kuwa ni mtu wa Mombasa, akaingia. Alikubali kwamba Futa iondoke, ila akaona Ghairi ni neno la moyo, halifai kitufe, akapendekeza Batilisha. Nikamjibu kwamba kubatilisha ni kukiondolea kitu uhalali wake, ni kazi ya hakimu. Akanijibu kwamba wanafunzi wa kwao hudhani kughairi ni kuahirisha. Nikakubali kwamba na wa kwetu pia. Tulibishana kwa staha siku nne, kila mmoja akimwita mwenziwe ndugu, hadi msimamizi alipouliza swali dogo la mtu wa nje: kitufe kilichoko kwenye kioo kinasemaje? Kinasema Ghairi. Basi, akauliza tena, mwongozo unaweza kusema vingine?

Hapana. Hapo mjadala ukafungwa, na mtu wa Mombasa ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema ameridhika. Neno zuri zaidi duniani halimfai mtu anayelitafuta kwenye kioo asilione. Sisi washairi tumezoea kuonyesha ukwasi wa msamiati kwa kutorudia neno. Mwongozo mwema hurudia neno lile lile kwa unyenyekevu, mara mia ikibidi, kwa sababu kurudia huko ndiko kumshika mtu mkono.

Sahihisho langu lilikubaliwa siku ya Jumanne. Mstari mmoja mwekundu, mstari mmoja wa kijani, tofauti yake neno moja. Nililitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kutazama shairi langu lolote lililochapishwa.

Nilichapa ukurasa mpya, nikaukunja, nikapanda basi dogo hadi Benaco, na kutoka hapo gari jingine hadi Nyakahura. Binti alikuwa amerudi shule. Mwalimu aliniomba niusome ukurasa kwa sauti. Nikasoma: “Ukitaka kurudi kwenye kazi yako bila kufunga, bonyeza Ghairi.” Akaniambia nirudie neno la mwisho, nikarudia. Nadhani alikuwa akisikiliza r yangu.

“Sasa limekaa,” akasema.

Nikamweleza yote: kwamba nililiona kosa kabla halijawadhuru, nikalipita. Nilikuwa nimejiandaa kwa karipio. Mwalimu alifikiri, kisha akaniuliza kama nimewahi kuona mtu amejikwaa kwenye jiwe njiani, akalaani, akaenda zake. Nikasema nimewaona wengi. “Na aliyeliondoa?” Nikasema ni nadra. “Haonekani,” akasema. “Jiwe likishaondoka, nani atajua kwamba palikuwa na jiwe?”

Kuhusu zile beti 22, alikuwa amejaribu kuzirudisha. Wakati wa likizo iliyofuata alimwimlia mjukuu upya, na sasa binti huyo huhifadhi baada ya kila ubeti. Anasema kidole chake kinajua njia chenyewe. Beti 17 zilirudi, au zilirudi beti zinazofanana nazo. Tano hazikurudi. Nilimwambia kwamba mtunzi kama yeye anaweza kutunga nyingine tano kwa asubuhi moja, na vina vikakaa. Akakataa. “Hizo zitakuwa nyingine. Zile zilikuja mchana ule kwa sababu mchana ule niliweza kutazama. Siwezi kusema nimetazama tena kama sijatazama.”

Akaniagiza niifungue kompyuta. Baada ya ubeti wa 135 nikaacha, kwa maagizo yake, nafasi tano tupu, kila moja na mistari minne ya nukta. Aliniuliza kama mistari imetimia. Nikaihesabu mbele yake, moja hadi ishirini. Kisha akasema nihifadhi, nami nikahifadhi, akasikiliza hadi kidole kilipoinuka.

Tangu siku hiyo kila Jumamosi usiku naketi juu ya kilima na kusahihisha ukurasa mmoja wa mwongozo wowote huria ulio kwa Kiswahili. Ni kazi isiyo na mahadhi. Siku nyingine matunda yake ni mkato mmoja uliohamishwa. Lakini nimeacha kabisa kusema “wenyewe watarekebisha”, na wanafunzi wangu wawili wa kidato cha nne wameanza kunifuata. Mmoja wao bado husema “halili”, naye ndiye mwenye jicho kali kuliko wote.

Kaditama yangu ni ombi, si fahari. Wewe unayesoma hapa una sikio linalogutuka mizani ikipungua hata moja. Sikio hilo hilo linahitajika penye maneno ambayo hakuna atakayeyaimba. Siku utakapoona neno limekaa vibaya mahali mtu mwingine atakapolitii, usitabasamu na kufungua ukurasa. Na kama humu mwangu mna kosa, wala sina shaka limo, niambie ni lipi, uniambie na sababu.